Chungu Kimoja, Kadi Moja

Bwana Mifugo hakuwahi kumuuliza mtu ana watoto wangapi. Miaka yote niliyomjua kazi yake ilikuwa kujua watu wana watoto wangapi, na swali hilo sikulisikia mdomoni mwake hata siku moja. Sisi Wagogo hatupendi kuhesabiwa. Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, watoto ndiyo kabisa. Mgeni akiuliza atajibiwa "wapo wapo tu", na mama mwenye watoto saba ataapa ana watatu huku wanne wamemng'ang'ania kanga. Mzee alilijua hilo tangu enzi zake za kuchanja mifugo. Kwa hiyo alikuwa anafika kwa mtu, anakaa kwenye kigoda, anasalimia nyumba nzima, kisha anasema, "Haya, kila anayekula hapa aniletee sahani yake niione." Watoto wanakimbia, wanagombania sahani zenye maua. Yeye anaziangalia, hataji namba yoyote, anaandika kimyakimya.

Baadaye kata ya jirani waliletewa kijana msomi, na swali lake la kwanza kila nyumba likawa "mko wangapi?" Nusu ya watoto wa kata ile hawakuandikwa mwaka huo. Bwana Mifugo aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kituo cha afya, ukishapita Makutupora na mashamba yake ya zabibu. Nakaa dirishani. Kila anayekuja kutibiwa lazima anipitie, na ninajulikana kwa mdomo, sikatai. Mzee huyu alikuwa mwandikishaji wetu wa kadi ya kaya. Jina lake ninalo daftarini, ila hata nikilitaja watu wa hapa hawatajua ninamsema nani. Alistaafu kazi ya mifugo zamani, cheo kikagoma kustaafu.

Kadi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hivi. Kaya inachangia mara moja kwa mwaka, mchango ambao mtu akiuza mbuzi anaumudu, na watu sita wa kaya hiyo wanatibiwa mwaka mzima kwenye vituo vya serikali. Sita. Siyo saba. Wanaozidi hapo wanajiandikisha kama kaya nyingine, wanachangia upya. Ni kitu kidogo cha watu wenye kidogo, na mjini kuna wanaoiita bima ya maskini, jina ambalo Bwana Mifugo alilichukia kama ndigana, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe. Nayataja haya mapema kwa sababu hiyo sita ilikaribia kumuua, na ndiyo maana nimekaa kumwandika.

Alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi. Kiangazi chetu mnakijua, vumbi jekundu, upepo unaokunyang'anya kofia, na yeye yumo ndani ya mabuti ya mpira yanayolia kwachu kwachu. Nikamwuliza siku moja, mzee, unasubiri mafuriko? Akasema miguu yake ilishazoea josho la kuogeshea ng'ombe, ikivaa viatu vya kawaida inajiona uchi. Juu alivaa koti la kaki lenye mifuko minne: simu ya kuandikishia, miwani, tasbihi, na mfuko wa nne karanga. Alikuwa Mrangi, mtu wa milima ya Kolo huko Kondoa, na Kigogo alikisema vizuri kabisa ila kwa lafudhi ya kwao. Akisalimia "mbukwenyi" sebuleni kwa mtu watoto wanajiziba midomo. Wazee wetu walimtania kwamba Mrangi amekuja kuwahesabu Wagogo ili awauze, naye alijibu kwamba ameshajaribu, bei haikufika.

Wenzake walikuwa wanaandikisha ofisini kwa mtendaji, wanasubiri watu waje wenyewe. Bwana Mifugo ofisi yake ilikuwa mnadani. Alisema mwanaume wa huku mfukoni kwake kuna kitu siku moja tu, siku aliyouza mbuzi, tena kati ya kupokea hela na kufika kilabuni ni hatua chache sana. Basi akaweka kigoda chake hapohapo katikati ya njia. Nilikuwa nikienda mnadani kununua nyama ninasimama tu kumsikiliza.

"Mbuzi umewachanja?"

"Nimewachanja, Bwana Mifugo."

"Na mama watoto?"

"Mama watoto hana kupe!"

"Kadi si ya kupe. Njoo hapa, kaa."

Watu wanaangua kicheko na yule mwanaume anakaa, maana angeondoka wangemcheka zaidi. Hapo sasa ndipo palikuwa na jambo lake la ajabu. Badala ya kuisifu kadi, alianza na mabaya yake. "Haikufikishi Dar es Salaam. Haikununulii miwani. Ukiikuta zahanati haina dawa, kadi haigeuki kuwa dawa, utaandikiwa ukanunue dukani. Hospitali ya mtu binafsi usiionyeshe kabisa, watakucheka. Ukimaliza mwaka hujachangia tena, ni kipande cha plastiki, mpe mtoto achezee." Mimi nilikuwa napata joto, nataka kumkanyaga buti. Nani anauza kitu hivyo? Lakini watu walikuwa wanaandikishwa. Walisema mtu aliyekuambia mabaya yote, mazuri atakuwa hakudanganyi.

Akishakubaliwa ndipo ugomvi unaanza, kwa sababu alikuwa anaandika kuanzia chini. "Chanjo inaanza na ndama," ndivyo alivyosema, basi mtoto mchanga kwanza, halafu anayemfuatia, mpaka mama, na baba mwenye nyumba wa mwisho kabisa. Nyumba ya watu wanane, baba anajikuta nje. Jamani, kelele! "Mimi ndiye ninayechangia!" Naye anajibu taratibu, "Ndiyo, na Mungu atakulipa. Ukitaka na wewe, andikisha kaya nyingine." Sasa ukikubali hiyo kaya nyingine, anakuuliza: chungu kingine kiko wapi?

Hilo la chungu ndilo lililokuwa dini yake ya pili. Kwenye maelekezo waliyopewa iliandikwa kwamba kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Waandikishaji wengine walisoma wakapita. Yeye alisoma akasimama. Kwake kaya ilikuwa chungu, hata kama chungu chenyewe ni sufuria. Mzee Chibago, mwenye wake wawili, alitaka kadi moja: watatu wa mke mkubwa, watatu wa mke mdogo, kila mtu afurahi. Akaapa kwamba wake zake wanapika pamoja kwa upendo. Bwana Mifugo akasema hewala. Siku mbili baadaye akatokea mchana bila taarifa, akaketi katikati ya nyumba mbili.

"Moshi huu wa nani, Mzee Chibago?"

"Wa mama mkubwa."

"Na ule?"

"Ule... ni wa maharage."

"Maharage ya nani?"

Mke mdogo akajibu kutoka jikoni, "Ya kwangu! Na yule mwenzangu hajawahi kuyaonja!" Kadi zikawa mbili. Chibago alilalamika kata nzima, na kila alipolalamika mzee alimjibu maneno yaleyale mbele za watu: chungu kimoja kadi moja, vyungu viwili kadi mbili, hata angekuwa baba yangu.

Msidhani ni ukali mtupu. Kulikuwa na vijana watano waliokuja kupogoa mizabibu Makutupora, kila mmoja na kwao, wamepanga chumba kimoja. Walikuja kuomba waandikwe kaya moja. Ofisini wakakatazwa, hawana undugu. Bwana Mifugo akaenda kula kwao siku tatu mfululizo. Akarudi akawaambia wakubwa, "Ugali wao mbichi, lakini ni mmoja." Akabishana na mtendaji kuanzia asubuhi mpaka mtendaji akaona bora aandike. Mmoja wao baadaye aliteguka bega, nikampokea mimi dirishani na kadi yake mkononi, kaya ya wanaume watano isiyo na mama wala baba. Niliipenda sana kadi ile.

Kitu kingine kilichomkera ni watu kuruka ngazi. Kadi inaanzia zahanati, wakishindwa wanakuandikia barua unakuja kwetu kituo cha afya, tukishindwa tunakuandikia hospitali ya wilaya, wao wakishindwa hospitali ya mkoa, na hapo imefika mwisho wake. Yohana wa huku kwetu alichomwa na mwiba, mguu ukavimba. Akavaa suti ya kanisani, akapanda gari mpaka hospitali kubwa ya mjini, akaonyesha kadi. Wakamwuliza kwa adabu kabisa, barua ya rufaa iko wapi? Akarudi anachechemea na hasira zake, akamkuta Bwana Mifugo mnadani, akamwambia kadi yake ni ya uongo.

"Yohana, ng'ombe wako akiugua unampandisha basi unampeleka wizarani?"

"Hapana."

"Unaanza na nani?"

"Na wewe."

"Basi nenda zahanati ukatolewe mwiba, suti isichafuke."

Sasa, mtu huyuhuyu aliyewasukuma wote kwa daktari alikuwa mwoga wa sindano kupita watoto. Nasema kweli tupu. Alidunga madume yenye pembe za kutisha, akakaa juu ya mgongo wa punda anayepiga mateke, lakini tukimwambia atolewe damu kidogo tu kidoleni, anakumbuka kikao. Wakati wa chanjo ya watu wazima alituletea wazee wote wa kata, akawapanga foleni, akawashika mikono mmojammoja, na foleni ilipoisha tukamtafuta hatukumwona. Baiskeli yake ilikuwa imeshafika korongoni. Nesi wetu alimwita, naye akapunga mkono kama mtu anayeaga msafiri.

Nyumbani kwake nilifika mara ya kwanza kwenye msiba wa mkewe. Alibaki na wajukuu sita, watoto wa mabinti zake wawili, mmoja marehemu na mwingine yuko Dar anahangaika na maisha. Mkubwa alikuwa Juma, na anayemfuatia Zuhura, msichana wa sekondari ambaye ndiye aliyechukua jiko baada ya bibi. Wajukuu sita na yeye, saba. Mnaona tunakoelekea. Aliandika kuanzia chini, ndama kwanza, na sita zikatimia kabla hajajifikia.

Mimi nililijua hilo kwa bahati mbaya. Nilimwona siku moja anainua baiskeli kuvuka korongo, mara akaiachia, akainama, mkono kinenani. Aliponiona akajifanya anatafuta kitu chini. Mwanamke mwenye umri wangu, aliyekaa dirisha la kituo cha afya, hadanganyiki kwa kutafuta kitu chini. Nikamvuta kwa ulimi mpaka kwa daktari wetu. Ilikuwa ngiri, utumbo unatokeza kinenani, tena wa siku nyingi. Daktari akamwambia upasuaji wake ni mdogo, hospitali ya wilaya wanaufanya kila wiki, ila asichelewe. Siku utumbo ukinasa huko ulikotokeza ukashindwa kurudi, una saa chache tu, na kutoka kijijini kwake mpaka kwenye kisu, masika, saa chache hazitoshi.

"Kadi yako ipo?" nikamwuliza tulipotoka.

"Ipo."

"Umo ndani yake?"

Akatoa karanga mfukoni akanipa.

Nikamwambia aandikishe kadi ya pili, jambo la dakika kumi. Akakataa. Akaniambia Juma anatimiza miaka kumi na minane karibu na Idi, akishatimiza anatoka kwenye utegemezi, tena anahamia mjini, Nkuhungu, kwa rafiki yake kuendesha bodaboda. Nafasi itabaki, yeye ataingia. Miezi minne tu. Nikahesabu miezi ile kuliko nilivyohesabu mimba zangu. Idi ikafika, Juma akaondoka na begi lake, nami nikaandaa maneno ya kumpongeza mzee. Lakini binti yake wa Dar naye alikuja kwenye Idi, na alipoondoka akamwachia mtoto wa mwaka mmoja na furushi la nguo. Mwanaidi. Na Bwana Mifugo, mnamjua sasa, akaandika kuanzia chini.

Weee! Siku hiyo nilimfokea mpaka wagonjwa wa foleni wakasahau maumivu yao.

"Mzee, utakufa! Unanisikia? Utakufa na ukaidi wako!"

"Karani, punguza sauti."

"Sipunguzi! Chukua kadi ya pili. Wanaozidi ni kaya nyingine, si wewe uliyenifundisha?"

"Kaya nyingine ina chungu kingine. Mimi ninakula na watoto."

"Ni karatasi tu, mzee wangu, nani atakuja kuangalia sufuria yako?"

"Chibago," akasema. "Chibago atakuja. Na asipokuja yeye, mimi mwenyewe nitakuwepo."

Nikashindwa. Nikamtazama machoni nikamwambia lile nililokuwa nalo moyoni muda mrefu. "Wewe unaogopa sindano. Hilo la chungu ni kichaka cha kujificha."

Nilidhani atakasirika. Akaangalia mabuti yake kidogo. "Hata hilo lipo," akasema, akatoka kwachu kwachu.

Wiki iliyofuata ngiri ilinasa. Alikuwa peke yake karibu na josho la zamani, akalala chali karibu saa mbili, magoti juu, mpaka ikarudi yenyewe. Hakumwambia mtu. Mchungaji wa mbuzi aliyemkuta ndiye aliyeniletea habari, nami sikusubiri ruhusa ya mtu. Jumamosi nikaenda kwake saa ambayo najua yuko mnadani.

Nilimkuta Zuhura anapepeta uwele. Akaniamkia shikamoo, akanipa kigoda. Nikamweleza yote bila kumung'unya: ngiri, saa chache, sita, chungu. Alisikiliza huku ungo umetulia mikononi.

"Kwa hiyo babu asipokula kwetu ndiyo anaweza kutibiwa?"

"Ndivyo anavyotaka yeye."

"Mama, hiyo sheria ni ya serikali?"

"Ni ya babu yako."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaangalia jiko lake. Sikumwambia la kufanya, ila nisijitakase, nilikwenda pale nikijua atafanya nini.

Kilichotokea kesho yake nimesimuliwa na Zuhura mwenyewe. Mzee alitoka msikitini adhuhuri, akanawa, akaketi mahali pake. Sahani zilikuwa sita. Akangoja ya saba. Zuhura akamwambia, "Babu, hapa hatukupikii tena. Wewe ni kaya nyingine." Akamwonyesha upande wa pili wa uwanja: mafiga matatu, sufuria ndogo ya marehemu bibi, unga, na kuni alizomkatia mwenyewe. Mzee akadhani ni utani, akanyoosha mkono kwenye ugali. Zuhura akasogeza sinia. Wadogo zake wakaanza kulia, akawaambia wale.

"Nani kakufundisha?" mzee akauliza.

"Wewe."

Siku ya tatu nikamwona kwenye foleni yangu, unga mpaka kwenye kola ya koti. Alingoja zamu yake kama watu wote. Alipofika dirishani hakunisalimia kwa utani wake wa kawaida, akanipa simu ya kuandikishia kwa sababu mwandikishaji hajiandikishi mwenyewe, na mchango ameshaulipa, ameuza beberu wake.

"Kaya mpya," akasema.

Nikaanza kumwuliza kama fomu inavyotaka. Jina. Kijiji. Mkuu wa kaya, yeye. Nikafika kwenye wategemezi. Foleni yote iliwajua wale watoto kwa majina, wengine waliwahi kuwabeba. Yeye aliyeandika ndama wa kata nzima alisimama pale ameshika ukingo wa dirisha.

"Wategemezi, mzee?"

"Andika hakuna."

Nikaandika. Nikampiga picha, na picha ile ipo mpaka leo, mzee amekunja uso kama aliyepigwa na jua. Kisha nikageuka nikajifanya natafuta faili kabatini, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na foleni ilikuwa ndefu.

Hakuruka hata ngazi moja. Ngiri tulishaijua, daktari wetu alishaiona, lakini alikwenda kwanza zahanati ya kijijini, akaandikiwa barua kuja kwetu, tukamwandikia ya wilaya, akazifunga barua zote kwenye mfuko wa plastiki. Nikamsindikiza mimi. Alipoona sindano alimshika nesi mkono, akamwambia, "Binti, nihesabie, ukifika tatu uchome." Nesi akachoma kwenye moja. Kuhusu hilo alilalamika njia nzima ya kurudi, kwamba watu wa siku hizi hawana uaminifu, na kwa malalamiko hayo nikajua amepona.

Nilimaliza miezi mitano bila kwenda kwake. Kusema kweli nilikuwa naona aibu. Nilijua kadi inaendelea mpaka mwaka uishe, na nilimjua mtu wangu, kwamba mwaka mzima ataishika ile kaya yake kama alivyoiapia. Watu walininong'oneza: Bwana Mifugo anapika. Bwana Mifugo ameunguza mlenda. Watoto walimpelekea bakuli la maziwa akalirudisha. Wengine walisema amechanganyikiwa, na Chibago, Chibago wa watu wote, aligomba nao kilabuni akasema yule ndiye mtu pekee asiye na sheria mbili.

Hatimaye nikaenda, mchana wa Jumapili. Walikuwa wanakula. Upande huu Zuhura na wadogo zake wamezunguka sinia, upande ule mzee amekaa peke yake mbele ya sufuria ndogo, mabuti yamenyooshwa. Katikati uwanja umefagiliwa vizuri, labda hatua kumi na tano. Nikasalimia, wakaitikia kutoka pande mbili, na sikujua nikae wapi.

"Karibu kwangu," mzee akaita. "Kaya yangu haina wageni."

Nikaenda. Alikuwa amenenepa uso, na aliinuka kunipa kigoda bila kujishika popote. Akanimegea ugali. Jamani, ugali ule! Madonge yenye unga mkavu ndani, na mlenda umeshika chini. Nikala, naye akawa ananiangalia anatafuna taratibu.

"Mbaya, eh?"

"Mbaya sana, mzee."

"Imebaki miezi saba. Nitajua."

Nikamwambia nilichokwenda kumwambia, kwamba nisamehe, mimi ndiye niliyekuja kuongea na Zuhura. Akasema analijua hilo tangu siku ya kwanza, Zuhura hajawahi kumficha kitu. Akasema watoto wanalala kwake, wanasoma kwake, wanagombana kwake, ni kula tu. Akarudia: "Ni kula tu." Kule ng'ambo watoto walikuwa wanagombania ukoko.

Mwanaidi alikuwa ameshaanza kutembea. Akainuka kwenye sinia la kwao, tumbo mbele, akaja akiyumba uwanja mzima mpaka akashika goti la mzee kwa mikono miwili. Zuhura akanyanyuka nusu, akabaki vilevile, hajui amwite au amwache.

"Rudi kwenu, mama," mzee akamwambia. "Hapa ni kaya nyingine."

Mtoto hakuelewa kaya. Akafungua mdomo.

Tonge lilikuwa vidoleni mwa mzee, dogo, limeshachovywa. Akaliangalia. Akamwangalia mtoto. Akaniangalia mimi, na sikuwahi kuona uso wake ukiniomba kitu kabla ya siku hiyo.

"Karani," akasema, "hebu nitazamie barabarani kule. Kama kuna gari linakuja."

Nikageuka, nikampa mgongo. Nilitazama barabara ile, vumbi na michongoma, mpaka niliposikia kijiko kinakwangua sufuria. Hakukuwa na gari lolote, na nikamwambia silioni vizuri, ngoja niangalie zaidi.